Barabara Nyeupe za Ufaransa: mwongozo wa kuendesha baiskeli vijijini kwa utulivu

Ufaransa ina zaidi ya kilomita milioni moja za barabara, na sehemu kubwa yake si mali ya serikali kuu. Ni mali ya commune, ngazi ya chini kabisa ya utawala. Commune zipo karibu 35,000, kila moja ina meya wake na ofisi yake. Wao ndio wanaotia lami njia inayokwenda hadi shamba la mwisho bondeni, na wao ndio wanaoziba mashimo. Katika karne ya 20 vijana wengi walihamia mijini, shule na maduka mengi ya vijijini yakafungwa, lakini lami ikabaki na bado inatunzwa. Ndiyo maana mwenye baiskeli anaweza kuendesha asubuhi nzima kwenye barabara safi akapishana na trekta moja na gari la manjano la posta tu.

Wengi wetu tunaoishi Paris, Lyon, Brussels au London hatuzijui barabara hizi. Ufaransa tunayoijua ni ya treni za asubuhi, foleni za vibali na majengo marefu. Naandika kwa sababu naamini hii ni mojawapo ya starehe bora zilizopo katika nchi hii, haina kiingilio, na haihitaji baiskeli ya gharama kubwa. Kinachohitajika zaidi ni kujua kuchagua barabara.

Anza na ramani. Ramani za karatasi za Michelin zinachora barabara kuu kwa rangi nyekundu, za kati kwa njano, na ndogo kabisa kwa nyeupe. Kanuni ninayoifuata ni hii: safari ipangwe kwenye nyeupe, njano itumike kuunganisha vipande, na nyekundu uikatize tu, usiifuate. Ukiona mstari wa kijani pembeni mwa barabara, maana yake mandhari ni mazuri, lakini uzuri wa mandhari hauna uhusiano na idadi ya magari, kwa hiyo angalia rangi ya barabara yenyewe kwanza. Ukiwa njiani, vibao vinakuthibitishia: herufi N kwenye kibandiko chekundu ni barabara ya taifa, D kwenye njano ni ya département (mkoa), na C kwenye cheupe ni ya commune. Ukiiona C, tulia.

Herufi D inahitaji uangalifu zaidi, na hapa ndipo wageni wengi wanaponaswa. Tangu mwaka 2006 serikali ilizikabidhi département barabara nyingi zilizokuwa za taifa. Zikabadilishwa herufi na namba, lakini malori hayakuhama. N20 ya zamani, kwa mfano, sasa inaitwa D820 inapopita mkoa wa Lot, na bado ni barabara ya watu wenye haraka. Kwa jumla, D yenye namba inayoanza na 8 au 9 katika mamia, au yenye tarakimu nne, itilie shaka mpaka uihakikishe kwenye ramani. Yenye namba ndogo, kama D41, mara nyingi ni habari nyingine kabisa.

Programu za simu zinasaidia. Geovelo ni ya bure na inajua njia za baiskeli za Ufaransa, na ramani ya CyclOSM inaonyesha hata aina ya lami. Tatizo lao ni kwamba zinapenda kukukwepesha magari kwa kukupitisha msituni kwenye tope. Kabla ya kuondoka, tazama picha za setilaiti za vipande usivyovijua. Pia hifadhi ramani kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani, kwa maana mabondeni mtandao hukatika.

Sasa, uende wapi?

Kwa aliye Paris, jibu la kwanza la kila mtu ni bonde la Chevreuse. Unapanda RER B, treni ya vitongoji vya Paris, hadi mwisho, Saint-Rémy-lès-Chevreuse, unashuka na kuanza kuendesha. Ni pazuri, lakini Jumapili D91 ya kupitia Dampierre hujaa baiskeli na pikipiki. Mimi ningekushauri uongeze muda kidogo ndani ya treni uende Perche. Treni ya kanda inatoka Montparnasse, inapita Chartres, na inakushusha Nogent-le-Rotrou, katikati ya vilima, mashamba yenye uzio wa miti na njia nyeupe zinazojikunja kila upande. Karibu na hapo, Condé-sur-Huisne, inaanza njia ya kijani, yaani isiyo na magari, iliyojengwa juu ya reli ya zamani, zaidi ya kilomita 60 hadi Alençon. Reli haipandi milima mikali, kwa hiyo hata anayeanza anaimudu.

Mwenye watoto aende Burgundy. Kipande cha njia ya kijani cha Givry hadi Cluny kilifunguliwa mwaka 1997, nacho ni kati ya njia za kwanza za aina hii nchini. Ni reli iliyong'olewa na kutiwa lami, kilomita 44, haina magari isipokuwa kwenye makutano. Pembeni kuna mizabibu, na mwisho wake kuna mji wenye mabaki ya abasia iliyokuwa na kanisa kubwa kupita yote ya Ukristo wa Magharibi kwa karne kadhaa.

Lakini ukiniuliza mahali pamoja pa kwenda kabla ya pengine pote, nitasema bonde la Célé, katika Lot. Unafika Figeac kwa treni, unajitoa kwenye barabara kuu, kisha unaifuata D41 kuelekea magharibi. Mto uko upande mmoja, upande wa pili ni majabali ya chokaa yanayosimama wima, na nyumba nyingine zimejengwa zikiegemea mwamba. Unapita Espagnac, Marcilhac na Sauliac, halafu Cabrerets, ambako kuna pango la Pech Merle lenye michoro ya farasi yenye umri wa zaidi ya miaka 20,000. Bonde lenyewe halina mwinuko wa kutisha. Ukitaka jasho, pinda kwenye njia yoyote nyeupe inayopanda juu ya uwanda, ambako utakuta kondoo, mialoni mifupi na kuta za mawe, na karibu hakuna gari. Nenda Mei, Juni au Septemba. Julai na Agosti bonde hupokea watalii wengi.

Kwa utulivu wa kina zaidi kuna Lozère, département yenye watu wachache kuliko zote za Ufaransa bara, chini ya 80,000, lakini hiyo ni milima ya kweli na hali ya hewa hubadilika ghafla. Creuse haichoshi miguu kiasi hicho. Gers ina vilima vifupi visivyokwisha, na alizeti wakati wa kiangazi.

Canal du Midi, mfereji wa kusini, kila mtu ataitaja. Ilichimbwa kati ya 1666 na 1681, ina urefu wa kilomita 240, na imo katika orodha ya urithi wa dunia. Kutoka Toulouse hadi Port-Lauragais, kilomita 50 hivi, njia ya kando ya maji ina lami nzuri. Mbele ya hapo kuna vipande vya udongo na mizizi ya miti vinavyotesa tairi nyembamba.

Kwa ndugu walioko Uingereza: feri ya Newhaven inafika Dieppe kwa takriban saa nne, na kilomita chache kutoka bandarini unashika njia ya reli ya zamani hadi Forges-les-Eaux. Kumbuka tu kwamba kibali cha ukaazi cha Uingereza hakimwondolei mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda haja ya viza ya Schengen. Mwenye kibali cha Ujerumani, Ubelgiji au Uholanzi hana tatizo hilo, anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180.

Treni za kanda, TER, kwa kawaida hubeba baiskeli bure, ila baadhi ya kanda hudai uweke nafasi wakati wa kiangazi. TGV, treni ya mwendokasi, inataka nafasi ya kulipia, au baiskeli iliyofunguliwa na kutiwa ndani ya mfuko. RER hairuhusu baiskeli saa za msongamano, asubuhi na jioni, siku za kazi.

Sheria za barabarani ni chache lakini askari huzifuatilia. Baiskeli iwe na breki mbili, kengele, taa ya mbele na ya nyuma, na rifleta. Usiku nje ya miji, kizibao cha kung'aa ni lazima. Mtoto wa chini ya miaka 12 lazima avae helmeti. Vifaa vya masikioni vimepigwa marufuku, faini yake ni euro 135. Dereva anayekupita nje ya mji anatakiwa akuachie mita 1.5, na wengi hufanya hivyo kwa heshima. Ndani ya vijiji, pasipo na alama, gari linalotokea kulia kwako lina haki ya kupita kwanza, hata likitokea kwenye kichochoro.

Na hili nawaambia hasa tuliokulia Kenya, Tanzania au Uganda, tuliozoea kushika kushoto. Hatari haiko kwenye barabara yenye magari, kwa sababu magari yanakukumbusha. Iko kwenye barabara tupu, baada ya kusimama kunywa maji au kupiga picha, unapoanza tena na mwili ukakupeleka upande wa nyumbani. Kila unaposimama, simama ukingo wa kulia, na uanzie hapo hapo.

Mambo ya chakula na maji yanataka mpango. Duka la mkate la kijiji hufungwa mchana, na mengi hayafunguliwi Jumatatu. Vijiji vingine vina mashine tu ya kuuzia mkate. Nunua asubuhi, ubebe. Maji utayapata makaburini: karibu kila kijiji kina bomba kwenye makaburi, kwa ajili ya maua, na waendesha baiskeli wa Ufaransa wote hujaza chupa hapo. Pakiandikwa eau non potable, usinywe. Ingia kwa adabu, ukikuta watu wanazika, pita. Na saa ambayo Wafaransa wako mezani, kati ya sita na nane mchana, ndiyo saa ya barabara kuwa tupu kuliko zote. Kula mapema, endesha wao wakila.

Kijijini utatazamwa. Mgeni yeyote hutazamwa, na mtu mweusi juu ya baiskeli hutazamwa kidogo zaidi. Sitaki kulipuuza jambo hilo, maana linamzuia mtu asitoke kabisa. Nimeona kwamba salamu ndiyo inayofungua mambo. Sema bonjour kwa kila unayempita, na usiulize njia wala maji kabla ya kuitamka. Sisi tuliolelewa kusalimia kwanza hilo halitupi shida. Beba hati zako halisi pia: kisheria mgeni anatakiwa aweze kuzionyesha askari wa gendarmerie wakiziomba.

Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ni msimu wa uwindaji. Kibao cha chasse en cours (uwindaji unaendelea) kikiwa kando ya njia, vaa rangi kali na baki kwenye lami. Kiangazi, angalia neno gravillons: barabara imemwagiwa kokoto mpya, punguza mwendo kwenye mteremko na usikate kona kwa kasi. Tyubu mbili za akiba, pampu na viondoa tairi vikae kwenye mkoba daima, kwani fundi baiskeli hapatikani vijijini. Ukiumia, piga 112.

Ukinunua baiskeli iliyotumika, dai risiti. Tangu 2021 maduka yanalazimika kuuza baiskeli ikiwa na namba ya utambulisho, na namba hiyo pamoja na risiti ndivyo vitakavyokulinda ukiulizwa umeipata wapi, au ikiibwa.

Usiyetaka kwenda peke yako, tafuta klabu ya FFVélo ya mtaani kwako. Shirikisho hilo si la mashindano, ni la matembezi. Klabu nyingi hutoka Jumapili asubuhi, hupokea wageni kujaribu kabla ya kulipa ada, na wazee wake wanazijua njia nyeupe zote za eneo lao. Waulize kuhusu BPF: ni orodha ya sehemu sita zilizochaguliwa katika kila département, na kila unapofika unathibitisha kwa muhuri wa duka au mgahawa wa kijiji. Hata usipokusanya mihuri, orodha hiyo inakupa mahali pa kwenda wikendi ijayo.