Kumbukumbu ya Kipakatalishi Ikijaa Baada ya Kuboresha Mfumo: Pima Kabla ya Kununua Kingine

Tangu Microsoft ilipoacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, vipakatalishi vingi hapa Kisumu vimehamishiwa Windows 11, na malalamiko ninayoletewa yanafanana: mashine iliyokuwa ikitumia asilimia 40 ya kumbukumbu sasa inaonyesha asilimia 80 na zaidi kabla mwenyewe hajafungua chochote. Mwalimu mmoja kutoka Ahero alifika kwangu na mashine yenye gigabaiti 8 za RAM, yaani hiyo kumbukumbu ya muda ya kazi, akiwa ameshaambiwa na duka moja kwamba imezeeka na kwamba hana budi kununua nyingine. Alikuwa ameanza kuulizia mkopo wa chama. Mashine ile bado anaitumia. Nitaeleza hatua tulizopitia kwa mpangilio ule ule, kwa sababu anayeanza kufuta programu kabla ya kupima huishia kufuta kisichokuwa na kosa.

Kwanza, hesabu siku zilizopita tangu mfumo uboreshwe. Uboreshaji hauishi pale skrini inapokukaribisha upya. Kwa muda baada ya hapo, mfumo huendelea kuorodhesha faili zako ili uweze kuzitafuta, kuzikagua dhidi ya virusi, na kupakua masasisho yaliyobaki pamoja na yale ya programu ndogondogo zilizokuja nao. Kazi hizi hutumia kumbukumbu na diski, kisha huisha zenyewe. Tatizo letu ni kwamba wengi huwasha mashine kwa saa moja tu, ikitumia betri na bando dogo la simu, kisha huifunga; kazi ambayo ingemalizika kwa usiku mmoja huburutwa wiki nzima. Kwa hiyo tenga jioni moja, iunganishe na stima na mtandao usio wa kuhesabiwa, izuie isilale, na uiache ifanye kazi hadi asubuhi. Usipime chochote kabla ya hapo, maana utakuwa unapima fundi akiwa bado juu ya ngazi.

Baada ya usiku huo, anzisha mashine upya, na hapa naomba usome taratibu. Kuizima na kuianzisha upya si jambo moja. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mashine nyingi huja na mpangilio uitwao Fast Startup: ukichagua "Shut down", programu zako hufungwa, lakini kiini cha mfumo pamoja na viendeshi vyake, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa kama Wi-Fi na sauti, ambazo mafundi huziita draiva, huhifadhiwa kwenye diski jinsi vilivyo na kurejeshwa unapowasha tena. Kama kuna kiendeshi kilichokuwa kikilimbikiza kumbukumbu jana, leo huendelea pale kilipoachia. "Restart" ndiyo inayoanza yote upya. Ushahidi wa hili unaweza kuuona mwenyewe: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, nenda "Performance", kisha "CPU", na usome muda ulio chini ya "Up time". Mwalimu yule alikuwa akiizima mashine yake kila jioni bila kukosa, na muda ule ulisoma siku 11. Tulipoianzisha upya, matumizi yalishuka kutoka asilimia 86 hadi 44. Alifurahi, lakini nilimwomba asifurahi bado, kwa sababu kilichoshuka kinaweza kupanda, na kesho yake kilipanda.

Sasa tuingie kwenye kusoma tarakimu zenyewe, kwa kuwa hapa ndipo wengi hupotoshwa. Katika Task Manager, chini ya "Performance", chagua "Memory". Utaona "In use", "Available", "Committed", "Cached", na chini kidogo "Non-paged pool". Chukulia mfano wa mwuza mitumba wa soko la Kibuye: hutandaza turubai na kupanga nguo juu yake. Nguo ambazo wateja wamezishika na wanazijaribu hawezi kuziondoa. Hizo ndizo "In use". Nguo alizozitandaza kwa kutarajia wateja, ambazo nafasi ikihitajika atazirudisha kwenye robota bila hasara, ndizo "Cached". Jumla ya sehemu iliyo wazi na ile anayoweza kuifanya wazi papo hapo ndiyo "Available".

Utasikia ikisemwa kwamba asilimia kubwa si neno, eti mfumo umejaza kumbukumbu kwa vitu utakavyovihitaji baadaye. Maelezo hayo ni ya kweli nusu. Kazi hiyo ipo, na kwenye Windows hufanywa na huduma iitwayo SysMain, lakini vitu inavyovitandaza mapema huhesabiwa chini ya "Cached", na asilimia unayoiona haivijumuishi. Windows ikikuambia asilimia 86, basi sehemu hiyo kweli iko mikononi mwa wateja, na kuzima SysMain, kama wengi wanavyoshauri, hakutakupa nafuu unayoitafuta. Kwa wanaotumia Linux hali ni tofauti: amri ya free -h huonyesha safu ya "free" ikiwa na kiasi kidogo kinachotisha, ilhali safu ya kusomwa ni "available", ambayo imeshazingatia kile kinachoweza kuachiliwa.

Kiasi gani basi ni cha kawaida? Mashine za Windows 11 nilizozipima mwenyewe, zikiwa zimeanzishwa upya na kuachwa zitulie kwa dakika kumi, hutumia takriban gigabaiti 2.5 hadi 4, na zenye RAM nyingi hutumia zaidi kuliko zenye RAM kidogo, kwa kuwa mfumo haujibani pasipo na haja ya kujibana. Kwa hiyo asilimia peke yake haitoshi. Asilimia 70 kwenye mashine ya gigabaiti 4 ni jambo la kutarajiwa. Asilimia 70 kwenye mashine ya gigabaiti 16 iliyotulia, bila programu yoyote wazi, ni dalili ya kuchunguzwa. Kumbuka pia kwamba kima cha chini ambacho Microsoft iliweka kwa Windows 10 ya biti 64 kilikuwa gigabaiti 2, na kwa Windows 11 ni gigabaiti 4. Sehemu ya ongezeko unaloliona ni uzito wa mfumo mpya wenyewe, na hilo halina dawa ya kubofya.

Angalia "Available" kwanza. Ikiwa katikati ya kazi yako ya kawaida imebaki zaidi ya gigabaiti moja na mashine inakuitikia upesi, huna ugonjwa wa kutibu, hata asilimia iwe imekukosesha usingizi. Ikishuka chini ya nusu gigabaiti, shughuli za diski zikafika asilimia 100, na kuhama kutoka dirisha moja hadi jingine kukachukua sekunde kadhaa, hapo mfumo umeanza kuhamishia vitu kwenye diski ili kupata nafasi. Soma pia "Committed", ambayo huandikwa kwa tarakimu mbili, kwa mfano 9.1/11.8. Ya kwanza ni kumbukumbu ambayo mfumo umeziahidi programu; ya pili ni kikomo cha ahadi, yaani RAM pamoja na faili ya akiba iliyo kwenye diski. Zikikaribiana, programu zitaanza kufungika ghafla, na kazi ambayo hukuihifadhi itapotea.

Ukishajua kwamba upungufu ni wa kweli, mtafute anayekula. Rudi kwenye "Processes" na ubofye kichwa cha safu ya "Memory" ili wakubwa wapande juu. Mara nyingi utakutana na kivinjari, na si ajabu, kwa kuwa Chrome na Edge hugawa kurasa zilizo wazi katika michakato mingi tofauti ili ukurasa mmoja ukiharibika usiziangushe nyingine. Vivinjari hivyo vina mpangilio wa kulaza kurasa usizozitazama, hakikisha umewashwa. Kwenye Edge, zima pia "Startup boost", ambayo huacha sehemu ya kivinjari ikiwa hai hata pale unapodhani umekifunga. Kisha nenda "Startup apps", kwa maana baada ya kuboresha mfumo orodha hiyo huweza kuwa na wageni ambao hukuwaalika: programu za mikutano, za kuhifadhi faili mtandaoni, za habari. Kumzuia mgeni asiamke na mashine si kumfuta, na ukimhitaji utamfungua mwenyewe. Usiguse kinga dhidi ya virusi, wala vitu vya sauti na vya kipanya cha mguso.

Kwa wengi safari huishia hapo. Kwa mwalimu wa Ahero haikuishia. Tulijumlisha michakato yake yote mikubwa na midogo tukapata takriban gigabaiti 3, ilhali "In use" ilisoma karibu 7. Pengo la aina hiyo halionekani kwenye orodha ya programu, na anayeitazama orodha tu atahitimisha kwamba mashine imezeeka. Tulipotazama "Non-paged pool" tukakuta gigabaiti 3.1, mahali ambapo mashine nzima kwa kawaida huwa na megabaiti mia chache. Hii ni kumbukumbu inayoshikwa na kiini cha mfumo na viendeshi vyake, ambayo haiwezi kuhamishiwa kwenye diski. Ikivimba kiasi hicho, karibu kila mara kuna kiendeshi kinachoomba nafasi bila kuirudisha.

Kumtambua mhusika kulihitaji daftari na kalamu. Nilimwomba aandike tarakimu ile saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi, na kando yake aandike alichokuwa akifanya. Shuleni, ambako hatumii mtandao, tarakimu ilikaa palepale. Nyumbani, akiwa kwenye Wi-Fi, ilipanda kila saa. Hatukuhitaji ushahidi zaidi: mhusika alikuwa kiendeshi cha Wi-Fi, kilichobebwa kutoka mfumo wa zamani hadi mpya. Tulipakua kipya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa mashine kwa kutumia namba kamili ya modeli iliyo chini yake, tukaanzisha upya, na siku tatu baadaye "Non-paged pool" ilikuwa bado chini ya megabaiti 400. Tafadhali usipakue viendeshi kutoka tovuti zinazodai kuwa na kila kiendeshi cha kila mashine. Nimesafisha uchafu wao mara nyingi mno.

Vivyo hivyo, jiepushe na programu zinazojitangaza kuwa zinasafisha RAM. Nyingi huzilazimisha programu zako kuachia kumbukumbu kwa mkupuo, nazo zinapohitaji tena vitu vyao huvifuata hadi kwenye diski. Asilimia hushuka mbele ya macho yako, na mashine huwa nzito kuliko ilivyokuwa.

Wapo pia ambao vipimo vyao vitaonyesha kwamba hakuna mkosaji: mashine ina gigabaiti 4, mfumo unachukua karibu 3, na kinachobaki hakitoshi kivinjari na hati moja. Ikiwa hazijapita siku 10 tangu kuboresha, na folda iitwayo Windows.old, inayohifadhi mfumo wa zamani, haijafutwa, unaweza kurudi nyuma kupitia "Settings", "System", "Recovery", kisha "Go back". Faili zako hubaki, ingawa programu ulizoweka baada ya kuboresha huondolewa. Nakili kazi zako kwenye flashi kwanza. Mimi huwashauri wachache kufuata njia hiyo, kwa sababu unarudi kwenye mfumo ambao matundu yake ya usalama hayazibwi tena kama zamani.

Njia ninayoipenda zaidi ni kuongeza RAM. Chini ya "Memory" soma "Slots used": ikiandika 1 of 2, huenda una nafasi tupu inayosubiri. Vipakatalishi vyembamba vingi vina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na hivyo haviongezwi chochote. Uliza kabla ya kulipa. RAM huja kwa vizazi: DDR3 haiingii mahali pa DDR4, na mashine nyingi za mwisho wa zama za DDR3 hutaka DDR3L, ile ya volti 1.35 badala ya 1.5. Ikiwa RAM haiwezi kuongezwa na mashine bado ina diski ya kuzunguka, badilisha diski hiyo kwa SSD, ile isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Uhaba utakuwepo, lakini kila safari ya kwenda kwenye diski itakuwa fupi kuliko ulivyozoea.

Unapokwenda dukani mjini, beba kipande cha RAM cha zamani mkononi na upige picha ya kibandiko chake. Mwombe muuzaji aingize kipya mbele yako, awashe mashine, na ufungue Task Manager pale pale kaunta. Jumla inayoandikwa juu kulia ya "Memory" iwe sawa na hesabu yako. Ikipungua sana, soma "Hardware reserved": sehemu ndogo ni ya kadi ya picha iliyo ndani ya mashine, lakini ikiwa gigabaiti nzima nzima zimekosekana, huenda kipande hakijakaa sawasawa kwenye nafasi yake, na ni vyema kitolewe na kurudishwa kabla hujatoa pesa mfukoni.