Pika mwenyewe karatasi ya kufungia sabuni na viungo, kwa wanga wa muhogo

Mifuko ya plastiki Zanzibar ilipigwa marufuku tangu 2006, ila sabuni zetu za mwani na pakiti za iliki na mdalasini bado tunazifunga nailoni, na nailoni hiyo bahari inaijua vizuri. Jamani hii bioplastiki, yaani plastiki inayotokana na mimea, inapikika jikoni.

Anza na wanga. Menya muhogo, uparuze, tia maji, kamua kwa kitambaa, halafu yale maji meupe yaache yatulie mpaka wanga uzame chini, mwaga maji ya juu taratibu, anika. Unga wa muhogo wa dukani usitumie, una nyuzinyuzi na karatasi itachanika.

Sasa chukua wanga kijiko 1 cha chakula, maji vijiko 4 vya chakula, siki nyeupe kijiko 1 cha chai na gliserini kijiko 1 cha chai, ipo maduka ya dawa. Koroga ikiwa baridi mpaka mabonge yaishe ndo uweke kwenye moto mdogo, na mwiko usiuache hata kidogo, kama unavopika halua, maana ikishika chini tu imeharibika. Mwanzo ni kama maziwa, baadae inakuwa nzito, halafu ghafla weupe unapotea inakuwa kama ute unaong'aa, hapo hapo ipua.

Mimina kwenye kioo au sinia bapa lililopakwa mafuta kidogo sana, itandaze nyembamba, ikiwa nene itaota ukungu kabla haijakauka. Weka kivulini penye upepo siku 2 au 3, juani inajikunja na kupasuka. Ikikatika ukiikunja, gliserini imepungua, ikinata vidoleni, imezidi. Masika hewa yenyewe ina maji kwa hiyo punguza gliserini.

Wenye mwani wa aina ya kotonii, uchemsheni mchuje, ule uji mtie badala ya sehemu ya maji, karatasi inakuwa ngumu zaidi. Mwani wa aina ya spinosamu unaganda laini tu. Shida kotonii skuizi inakufa kwa joto la bahari, basi tumieni kwa kiasi.

Hii ni ya vitu vikavu tu! Maji yanailainisha, pweza na samaki wabaki kwenye pakacha, na stoo iweke kwenye ndoo yenye mfuniko kwani mende na panya wanaipenda.

Na hizi glasi za plastiki za kununua zilizoandikwa bio, nyingi ni PLA, aina ya plastiki inayotokana na mahindi au miwa, lakini ili ioze vizuri inataka mitambo ya mboji yenye joto kama nyuzi 60, baharini inakaa miaka. Zipo pia chupa za plastiki ya miwa ambazo haziozi kabisa. Kwa hiyo kabla hujamwambia mteja wako kwamba kifungashio kinaoza, muulize aliyekuuzia: kinaoza wapi, na kwa muda gani?