Kutunza tarumbeta kwenye hewa ya chumvi

Pwani ya Mtwara na Lindi, jasho, mate na upepo wa bahari hula shaba haraka. Ukimaliza kupiga, fungua kitundu cha maji, puliza mpaka mate yaishe, kisha futa tarumbeta kwa kitambaa kikavu cha pamba. Usilifungie kwenye kasha likiwa na unyevu.

Pistoni, yaani vitufe vitatu vya kubonyeza kwa vidole, zikianza kukwama, wengi hukimbilia mafuta ya nazi. Yaacheni jikoni! Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na yakikaa hunata kama ulimbo. Tumia mafuta mepesi ya pistoni, matone 3 hadi 5 kwa kila moja, na urudishe kila pistoni mahali pake kwa kufuata namba: 1, 2, 3. Ukizichanganya, pumzi haipiti vizuri. Mabomba ya kurekebishia sauti yanataka grisi nzito. Ikikosekana, Vaseline inasaidia kwa muda.

Kila mwezi toa pistoni, uoshe mabomba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Maji ya moto hubandua rangi ya juu. Ukiona madoa ya waridi kwenye bomba la mbele, lile linaloingia kipulizio (kipande cha kuwekea midomo), zinki imeanza kutoka kwenye metali. Madoa hayo hayafutiki, na bomba likitoboka hubadilishwa.

Kipulizio kikinasa, usitumie koleo, litapinda bomba. Fundi ana kifaa chake. Anayeanza achague kipulizio cha kampuni ya Bach cha saizi 7C au 5C. Saizi kubwa ya 1½C huchosha midomo ambayo haijakomaa.