Somo: Namna ya kuchagua safari ya treni ya usiku kutoka Dar es Salaam

Wengi wanaoomba ushauri kuhusu safari ya treni ya usiku huanza kwa kuuliza nauli, kisha mahali treni inapofikia. Ningependa tuanze na swali jingine: giza litaingia treni ikiwa wapi, na kutakucha ikiwa wapi? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua utaona nini na utalala vipi, na kwa maoni yangu ndilo linalopaswa kuamua tiketi ipi ikatwe.

Hatua ya kwanza ni kuitenga treni ya usiku na treni ya haraka. Reli mpya ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, hukufikisha Dodoma kwa takribani saa nne. Ni huduma nzuri kwa mwenye shughuli, lakini viti vyake ni vya kukaa, na safari humalizika kabla usingizi haujakolea. Anayetaka kulala kitandani huku magurudumu yakigonga chini yake anapaswa kutafuta reli za zamani.

Hatua ya pili ni kuzijua njia zenyewe, nazo ni tatu. Ya kwanza ni TAZARA, yaani reli ya Tanzania na Zambia, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 na inayokwenda Mbeya, Tunduma hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, umbali wa kilomita 1,860. Ya pili ni Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Ya tatu huiacha Reli ya Kati pale Ruvu na kuelekea kaskazini hadi Moshi na Arusha. Treni ya abiria ya Arusha ilirejeshwa mwaka 2020 baada ya kusimama kwa takribani miaka 30. Zingatieni kwamba stesheni ya TAZARA iko Barabara ya Nyerere, mbali na stesheni ya katikati ya jiji, na kila mara wapo abiria wanaoikosa treni kwa sababu walikwenda stesheni isiyo yao.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha somo hili: pimeni kila njia kwa saa za mwanga. Kwa kuwa nchi yetu iko karibu na ikweta, jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, kwa hiyo ukishaijua saa ya kuondoka unaweza kukadiria ni sehemu gani utaiona dirishani na ni ipi utaipita umelala.

Chukueni TAZARA. Kutoka Dar es Salaam hadi stesheni za Fuga na Matambwe, ambako njia hupita katika eneo la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, lililokuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous hadi mwaka 2019, ni mwendo wa saa nne hadi tano. Treni inayoondoka saa 8 mchana inaweza kukufikisha huko mwanga ungalipo, wakati twiga na swala wanaonekana kutoka dirishani, na mwenye bahati huona hata tembo. Ile inayoondoka saa 10 alasiri huingia hifadhini giza likiwa limetanda, na abiria huambulia sauti za usiku tu. Baada ya hapo hufuata bonde la Kilombero, ambalo halina hasara kubwa ukilipita usingizini. Kisha, kati ya Mlimba na Makambako, reli hupanda zaidi ya mita 1,000 kwa kupita mahandaki mfululizo na madaraja marefu kama lile la Mto Mpanga. Kwa ratiba, sehemu kubwa ya mpando huo huangukia usiku wa manane hadi alfajiri, lakini treni ikichelewa saa tatu au nne, jambo ambalo ni la kawaida, kunakucha mkiwa katikati ya milima. Ndiyo maana nawasihi mtege kengele na muamke kabla ya mapambazuko, kwa kuwa sijui sehemu nyingine ya reli nchini mwetu inayoshinda hiyo kwa uzuri.

Njia ya Arusha ina mantiki tofauti. Usiku hufunika nyika, na alfajiri hukukuta kwenye ukanda wa milima ya Pare au karibu na Moshi. Milima yote iko upande wa kulia wa anayekwenda Arusha, na Kilimanjaro huwa wazi zaidi asubuhi mapema kabla mawingu hayajakusanyika. Reli ya Kati hadi Kigoma ni safari ya kulala njiani mara mbili. Ichagueni mkiwa na muda wa kutosha, na msipite stesheni ya Saranda bila kununua kuku.

Hatua ya nne ni msimu. Wakati wa masika, kipande cha Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe kimekuwa kikikumbwa na mafuriko mara kwa mara, na treni husimamishwa. Kwa Nyanda za Juu Kusini, Juni na Julai ni miezi ya baridi kali. Chukua sweta hata kama Dar es Salaam unatokwa jasho.

Hatua ya mwisho ni daraja. Katika TAZARA, chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne na cha daraja la pili kina sita. Katika Reli ya Kati, tamkeni wazi dirishani kwamba mnataka "daraja la pili kulala", kwa kuwa lipo pia daraja la pili kukaa. Kateni tiketi mapema, kisha mrudi kuuliza saa ya kuondoka siku moja kabla, kwa sababu ratiba hubadilika.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi na mke wangu tunataka kwenda Mbeya. Je, tutalala chumba kimoja?

Jibu: Marahaba. Kwa kawaida wanaume na wanawake hutengwa vyumba. Mnaweza kulala pamoja mkinunua vitanda vyote vya chumba, na kwa chumba cha vitanda vinne gharama hiyo inabebeka, hasa mkisafiri na watoto.

Swali: Mama yangu ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Nimkatie kitanda kipi?

Jibu: Cha chini, na ukitaje wakati wa kukata tiketi badala ya kusubiri kubadilishana na abiria ndani ya treni. Usimpeleke daraja la kukaa kwa ajili ya kuokoa nauli. Mwombe pia mhudumu wa behewa ampatie chumba kisicho mwisho wa behewa, ambako msongamano wa wanaokwenda chooni huwa mkubwa.

Swali: Je, ni salama kulala dirisha likiwa wazi?

Jibu: Treni ikiwa inatembea, acheni hewa iingie. Inapokaribia stesheni usiku, fungeni dirisha na mlango wa chumba, kwa kuwa wezi hupitisha mkono kutoka nje na kuchukua simu iliyo mezani.

Swali: Nina siku tatu tu za likizo. Nirudi kwa treni pia?

Jibu: Hapana, dada yangu. Treni inayoanzia Dar es Salaam haijabeba ucheleweshaji wa mtu mwingine, lakini ile utakayoisubiri Mbeya inatoka Zambia, na saa zilizopotea huko zitakuwa juu yako. Nenda kwa treni, shuka Mbeya, ukikumbuka kwamba stesheni iko Iyunga na utahitaji daladala kufika mjini, kisha urudi kwa basi la asubuhi ili upite mlima Kitonga na Mikumi mchana.