Leseni Imeisha Muda? Haya Yaangalie Kabla Hujapanda Mashua

Kabla hujavuka kwenda Amu, mjini Lamu, kufanya upya leseni yako ya udereva, anza na tarehe. Imeandikwa kwenye kadi, kwa hiyo usikisie. Wengi huamini leseni ingali hai, kumbe iliisha tangu msimu wa kaskazi, na wa kuwaambia huwa ni askari kwenye kizuizi cha njia ya Garsen, jua la saa saba. Kwa kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016, kutofanya upya leseni ni faini ya shilingi 1,000. Hiyo ni hasara nyepesi. Nzito ni bima: toa karatasi za bima yako, tafuta kifungu cha dereva anayeruhusiwa, ukisome neno kwa neno. Bima nyingine hutosheka kwamba uliwahi kuwa na leseni na hukuzuiwa kuendesha. Nyingine zataka iwe hai siku ya ajali. Ukishagonga ng'ombe wa watu Witu, muda wa kusoma umepita.

Vya kubeba havina hadithi: kitambulisho chenyewe wala si nakala, leseni ya zamani, nambari ya PIN ya KRA, ile ya mlipakodi. Kundi lako la damu lijue, maana fomu ya kadi mpya hukuuliza. Picha ya pasipoti usipoteze pesa, utapigwa hapo hapo.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu akaunti, kwa sababu hapa ndipo safari za watu huzama. Tangu 2023 huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri inayotoa leseni, zilihama kutoka mfumo wa zamani wa TIMS, na siku hizi mlango ni eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Na akaunti nyingi za eCitizen huku kwetu hazikufunguliwa na wenyewe. Mzee aliingia saiba, duka la kompyuta, akatoa kitambulisho, kijana akamwambia, "Ami, nimeweka namba yangu, ndiyo itaingia meseji upesi." Barua pepe akabuni palepale, nenosiri akalijua yeye. Siku hiyo kazi ilikwisha kwa dakika kumi na kila mtu akaridhika. Miaka mitatu baadaye mzee atoka Faza na mashua ya alfajiri, avuka hadi Amu, akaa mbele ya kompyuta, na mfumo unatuma nambari ya siri kwenye laini ya kijana ambaye kwa sasa yuko Mombasa. Au laini yenyewe ililala bila kutumika, kampuni ya simu ikampa mtu mwingine, na meseji inamfikia mgeni kabisa. Kufungua akaunti ya pili hakumsaidii: kitambulisho kimoja, akaunti moja. Itabidi aombe msaada wa eCitizen, athibitishe kwamba yeye ndiye yeye, angoje. Maji yametoka, mashua ya kurudi imeng'oa nanga, nauli imeliwa na leseni iko vile vile.

Kwa hiyo wiki moja kabla, ukiwa nyumbani, jaribu kuingia kwenye akaunti yako kwa simu yako mwenyewe. Ukifanikiwa, nenda kwenye wasifu utazame nambari ya simu na barua pepe. Kama si zako, badilisha siku hiyo hiyo na uweke nenosiri jipya. Ukishindwa, anza kudai akaunti kabla ya kupanga safari. Ukiwa huko ndani, linganisha majina pia. Pwani yetu hii mtu mmoja huwa Mohamed kwenye kitambulisho, Muhammad kwenye PIN na Mohammed kwenye leseni, na kompyuta huwaona watu watatu. Jina la PIN hurekebishwa KRA. Usitarajie karani wa leseni akufanyie.

Kwenye fomu, soma kabla ya kubonyeza. Kama hujawahi kuwa na kadi ya kisasa, ile iliyoanza kutolewa 2017, unaomba kadi mpya: shilingi 3,050 kwa miaka mitatu. Kama unayo tayari, unafanya upya tu, na hilo ni ombi tofauti. Ukilipia lisilo lako, kurudishiwa pesa ni kazi nyingine. Kituo cha kuchukulia kadi hukichagua wewe, na orodha ni ya nchi nzima. Usijekuitwa Nairobi kwa kidole kilichoteleza.

Daraja nalo litazame: pikipiki yako mwenyewe ni A2, boda ya abiria na tuktuk ni A3, na leseni ya gari dogo haikupi ruhusa ya kuendesha boda. Wa matatu na wabeba abiria wengine watangulie kutafuta cheti cha maadili mema, shilingi 1,050, na utachukuliwa alama za vidole. Cheti hicho hakitoki kwa siku moja.

Malipo ni kwa nambari 222222, na nambari ya akaunti ni ile iliyoandikwa kwenye ankara. Likitokea jina la mtu kabla hujathibitisha malipo kwenye M-Pesa, ghairi.

Vidole vyako viwe safi siku ya kwenda. Anayefanya kazi ya chokaa au saruji, ambaye ncha za vidole zimesagika, apumzishe mikono siku kadhaa na aipake mafuta. Akina mama, piko na hina ya harusi kwenye ncha za vidole isubiri. Mashine ikigoma kusoma utarudishwa ulikotoka.

Picha ya kitambulisho usimtumie mtu kwa WhatsApp ati "akusaidie". Nenosiri usiliandike kwenye daftari la saiba. Risiti ihifadhi kwenye simu na nyingine kwenye karatasi, maana simu huanguka majini. Na gari, hadi leseni itoke, mwachie mwenye leseni hai.