Somo: Fosforasi kwa kondoo wa kunenepesha, pima pumba kwanza

Ndugu wafugaji, wiki mbili kabla ya Idi kubwa nilipoteza kondoo dume, chotara wa Dorper (kondoo wa nyama), mzuri kuliko wote bandani. Nilikuwa nampa pumba za ngano bila kipimo ili anenepe haraka. Asubuhi nilimkuta amenyoosha miguu ya nyuma, anatikisa mkia, anasaga meno, mkojo unatoka tone moja moja. Nikadhani amepungukiwa madini, nikamwongezea ya kulamba. Kesho yake kibofu kilipasuka. Madini ya fosforasi yalikuwa yamemzidi, na yalitoka kwenye zile pumba. Kwa sababu hiyo naandika somo hili.

Hatua ya 1: Fahamu njia ya fosforasi mwilini

Zaidi ya asilimia 80 ya fosforasi ya kondoo imo kwenye mifupa na meno. Iliyobaki iko ndani ya seli, ambako bila hiyo chakula hakigeuki kuwa nguvu. Kondoo huifyonza kwenye utumbo mwembamba, kisha sehemu kubwa hurudi tumboni kupitia mate. Anapocheua majani makavu humeza lita nyingi za mate kwa siku, na mate hayo yamejaa fosfeti, yaani fosforasi iliyoyeyuka humo. Vijidudu vya tumboni huitumia, na ziada hutoka na kinyesi.

Hapa ndipo penye siri ya somo lote. Kondoo anayekula pumba na vyakula vilivyosagwa hutafuna kidogo, hivyo mate hupungua. Ziada iliyokuwa itoke kwa kinyesi sasa hupita kwenye figo na kuingia kwenye mkojo. Humo hukutana na magnesi na amonia, na mkojo ukiwa na hali ya magadi, huganda kuwa mawe madogo kama mchanga. Jike mrija wake wa mkojo ni mfupi na mpana, mara nyingi mawe hupita. Dume, hasa aliyehasiwa mapema, mrija wake ni mwembamba na umejikunja, basi huziba.

Hatua ya 2: Jua kondoo wako yuko upande gani

Wa malishoni wakati wa kiangazi: nyasi zilizokauka mara nyingi hazifiki asilimia 0.15 ya fosforasi. Huyo anaweza kupungukiwa, hasa mjamzito wa mapacha katika wiki sita za mwisho, na anayenyonyesha, kwa kuwa kila lita ya maziwa huondoka na takriban gramu 1.5.

Wa bandani anayelishwa pumba na mashudu: hatari yake ni ziada.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Kalsiamu iwe kama mara mbili ya fosforasi, na isishuke kamwe chini ya kiasi cha fosforasi. Mchanganyiko wangu wa zamani ulikuwa hivi kwa siku:

- pumba za ngano gramu 600: fosforasi gramu 6.6, kalsiamu 0.8
- majani makavu gramu 600: fosforasi 0.9, kalsiamu 2.1

Jumla ni fosforasi 7.5 kwa kalsiamu 2.9. Nilikuwa nimeugeuza uwiano juu chini, na kwa miezi miwili sikujua.

Hatua ya 4: Rekebisha

Sasa natoa pumba gramu 300, majani makavu gramu 600 na mabaki makavu ya maharage gramu 300, ambayo yana kalsiamu nyingi. Fosforasi inakuwa kama gramu 4.6, kalsiamu 6.1. Naongeza gramu 8 za chokaa ya mifugo na uwiano unafika mbili kwa moja. Tumia mizani ndogo ya jikoni. Chokaa ya kupaka ukutani usiiguse.

Hatua ya 5: Maji

Safi, muda wote, pamoja na chumvi ya kawaida ili anywe zaidi. Mkojo mwepesi haugandi kwa urahisi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Simanjiro): Mwalimu, sisi tunawapa magadi tangu enzi za babu. Hayatoshi?

Jibu: Magadi yana sodiamu, mzee wangu, lakini si chanzo cha fosforasi. Kwa kondoo wa malishoni endelea nayo. Kwa dume wa bandani anayekula pumba acha, maana huzidisha ile hali ya magadi kwenye mkojo.

Swali (Karatu): Kondoo wangu wanatafuna mifupa porini. Nifanye nini?

Jibu: Hiyo ni dalili ya kupungukiwa, dada. Afrika Kusini, daktari wa mifugo Arnold Theiler na wenzake waligundua kwamba ng'ombe wenye njaa ya fosforasi walitafuna mifupa ya mizoga, wakala sumu ya botulizimu, ile ya bakteria wa mizoga, na kupooza. Zika au choma mizoga yote. Changanya DCP (unga wa madini wenye kalsiamu na fosforasi) na chumvi nusu kwa nusu, weka kwenye kihori chenye kivuli wakati wa kiangazi. Usinunue madini ya ng'ombe yenye shaba, kondoo hufa nayo.

Swali (Babati): Minjingu, kwenye mgodi wa mwamba wa fosfeti, ni karibu nasi na mbolea yake ni fosfeti. Naweza kuchanganya kwenye chakula?

Jibu: Hapana, kaka. Mwamba ule ghafi una floraidi nyingi, huharibu meno na mifupa ya mnyama. Shambani ni mzuri, kihorini hapana.

Swali (Kajiado): Dume akishaanza kukojoa matone, kuna dawa ya nyumbani?

Jibu: Hakuna. Usimlazimishe kunywa maji mengi, kibofu kitapasuka mapema. Mwondolee pumba na umwite daktari wa mifugo saa ileile. Mara nyingi jiwe hukwama kwenye kile kijimrija chembamba cha ncha ya uume, na daktari akiwahi anaweza kukikata na mkojo ukatoka. Mimi nilisubiri hadi asubuhi.