Mashindano Makubwa Yakiisha, Wapate Vijana Wapya wa Riadha

Kuandaa mashindano makubwa huwasha hamu ya vijana tu, na hamu hiyo hupoa upesi. Kwa hiyo fungua orodha ya kujiandikisha kabla ya sherehe za ufunguzi, na zoezi la kwanza lifanyike ndani ya wiki moja baada ya medali ya mwisho.

Siku hiyo usiwazungushe uwanja mara 10. Wengi wataumwa miundi na hawatarudi. Wapashe mwili dakika 10, kisha mbio 4 za mita 40 zenye mapumziko ya kutosha, halafu kupokezana kijiti, ambako ndiko utamu ulipo. Katika 4x100, yaani wakimbiaji wanne kila mmoja mita 100, mpokeaji anayegeuka kutazama hupoteza kasi. Anyooshe mkono nyuma, kiganja wazi, aendelee kukimbia.